Golikipa Asiyejibu Maswali

"Amepita Ipogolo!" redio ilikwaruza. "Anapanda mlima kuelekea Iringa mjini."

Evarista Kalinga alikanyaga mafuta. Land Cruiser ikanguruma nyuma ya lori la mbao. Lori halikuwa na haraka.

Alipiga honi. Lori likazidi kujivuta.

"Shenzi!"

Toka Mbeya, askari huyu alikuwa akimfukuza mtu asiyemjua sura. Alichokijua ni mzigo wake: kidude cha ukubwa wa kiberiti, nakala ya akili ya golikipa, iliyoibwa kwenye karakana huko Mbeya. Golikipa huyo ni roboti, kazi ya mikono ya injinia Isakwisa. Anakutazama mwili tu, anajua utaelekea wapi kabla hujanyanyua mguu. Uwanjani ni burudani. Lakini wageni walioisubiri nakala ile hawakuwa watu wa mpira. Walitaka kuifunga kwenye bunduki.

Bunduki inayojua utakimbilia wapi haikosi mtu.

Kifaa cha kufuatilia mawimbi ya kidude kilimfikisha uwanja wa Kihesa, kisha kikagoma. Nukta nyekundu ilikaa katikati ya umati, basi. Watu walikuwa wamefurika kumwona roboti akidaka penati. Mnunuzi wao naye alikuwa humohumo, maana alitaka kwanza aione akili hiyo ikifanya kazi. Na kwa baridi ile ya Iringa kila mtu alikuwa kavaa koti zito lenye mifuko kama ghala.

"Mkuu, niruhusu nifunge geti nimsachi kila mtu."

"Akikushtukia ataikabidhi kwa mwingine. Mtafute kimyakimya."

"Kwa kunusa?"

Simu ilikatwa.

Kando ya goli, Isakwisa alimpa spika ndogo ya sikioni. "Weka hapo, dada. Utamsikia anavyofikiri."

Mpigaji mmoja alikuwa anajiandaa. Sauti kavu ikaingia sikioni mwa Evarista.

*Macho: kushoto. Yanadanganya. Mguu wa kusimama: kulia. Nyonga: kulia. Nyonga haina uongo.*

Roboti akajirusha kulia, akadaka. Uwanja ukalipuka kwa vifijo.

"Muulize nani kabeba kitu kwenye koti."

"Haiwezekani, dada. Nimemwekea kufuli akilini. Nje ya mpira hafikirii chochote. Kufuli hilo wezi wamelivunja kwenye nakala, huyu bado analo."

"Muulize hivyohivyo!"

Isakwisa alibonyeza simu yake.

*Hilo si shuti. Mpigaji anayefuata.*

Evarista alitamani kumtandika teke. Akili yote hiyo, na msaada wake haushindi wa mbuzi! Alizunguka nyuma ya goli, akarudi, akazunguka tena. Haya. Kama roboti hatoki kwenye mpira, mwizi aletwe kwenye mpira.

Mlinzi wa karakana ya Mbeya alikuwa amesema jambo moja tu la maana: mwizi aliongea na simu kwa Kinyakyusa cha nyumbani kabisa. Evarista akamnong'oneza mshereheshaji, Mhehe mmoja mchangamfu aitwaye Vitus. Vitus akainua kipaza sauti.

"Kamwene, Iringa!"

"Kamweneee!"

"Leo tuna ndugu zetu wa Mbeya. Mwagonile!"

"Ndaga!"

Sauti tatu ziliitikia kutoka pembe tofauti, kabla wenyewe hawajafikiri. Mnyakyusa wa Rungwe haiachi salamu ya kwao idondoke chini.

"Wageni kwanza!" Vitus alipaza sauti. Kina mama wakawasukuma wale watatu hadi uwanjani huku wakipiga vigelegele. Kukataa hapo ni kutukana mji mzima.

Wa kwanza, mnene mwenye koti la kijani.

*Nyonga: kushoto.* Akadaka.

Wa pili akapiga juu ya goli, akacheka mwenyewe. Hakuna kitu. Evarista aling'ata meno.

Wa tatu, mwembamba mwenye jaketi la ngozi, alitenga mpira na kurudi nyuma hatua chache. Sikioni, kimya.

"Amezimika?" Evarista alifoka.

*Mguu wa kusimama hautafuti mpira. Uzito uko nyuma. Nyonga zinatazama getini. Huyu hapigi.*

Roboti akashusha mikono.

Evarista alikuwa ameshaanza kukimbia. Mwembamba aligeuka, akachomoka kuelekea getini, akakutana na kiwiko cha Evarista. Bastola ikaanguka kwenye nyasi. Akamkalia mgongoni, akapekua. Mfuko wa kwanza, karanga. Wa pili, leso. Wa ndani, kidude.

"Siyo mimi, afande! Yule mwenye kamera ndiye kanituma!"

Mgeni mwenye kamera alinyanyuka. Askari wawili waliovaa kiraia wakamkalisha.

Simu ikaita.

"Ninayo, Mkuu."

"Safi sana. Usiiharibu. Wataalamu wetu nao wana bunduki wanataka kuijaribu."

Evarista alikitazama kidude kiganjani. Siku nzima barabarani, roho juu, kumbe alikuwa akiwabebea hawa!

"Evarista? Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Alikilaza kidude juu ya jiwe, akakikanyaga kwa kisigino cha buti. Akarudia. Kikawa unga.

"Mlio gani huo?"

"Nimekivunja, Mkuu."

"Kwa bahati mbaya?"

"Hapana."

Akazima simu, akafunga zipu ya koti, akaenda kutafuta chai ya moto.