Dole Gumba Pembeni mwa Pazia

Asubuhi ambayo mtia rangi hakuamka, mapipa yake yalikuwa yamejazwa maji tangu jana yake. Mkewe aliyamwaga baada ya maziko.

Vipimo vya rangi zote marehemu aliviweka kwenye daftari la simu yake, na daftari hilo lilifunguka kwa dole gumba lake tu. Sasa mteja wao mkubwa alitaka mapazia zaidi ya bluu ileile ya mwaka jana. Mjane hakujua bluu ile ilichanganywaje.

Wifi yake ndiye aliyekumbuka. Marehemu alikuwa akichovya dole gumba kwenye rangi na kuligonga pembeni mwa kila pazia. "Wifi, kidole si hiki hapa?"

Wakapeleka simu na pazia moja kwa fundi simu. Wakajaribu. Simu haikujibu kitu; kwenye nyuzi mistari ya kidole ilikuwa imevurugika.

Fundi, mwanamke asiye na haraka, akaeleza kwamba daftari limefungwa kwa ufunguo, yaani namba ndefu mno. Namba hiyo haihifadhiwi. Kidole kikiwekwa, simu husoma mistari yake, huitengeneza namba upya, kisha huifuta.

"Lakini kidole leo hukaa hivi, kesho vile," mjane akasema. "Namba itakuwaje ileile?"

"Simu ina vidokezo vya kusahihisha tofauti ndogo. Bila kidole chenyewe havifungui kitu."

"Basi picha ya kidole imo humo. Itoe."

"Haimo, mama."

Mjane alichanganyikiwa. Ufunguo gani huo, haumo ndani wala nje? Akalipapasa pazia.

"Lingefungua hilo," fundi akasema taratibu, "kila aliyenunua pazia kwenu angekuwa na ufunguo wenu. Na nywila ikiibiwa hubadilishwa. Kidole utabadilisha na kipi?"

Hapo akaelewa kidogo. Fundi akauliza kama marehemu aliandika maneno ya akiba, ya kufungulia daftari kidole kisipokuwapo. Hakuandika. Mumewe alipokumbushwa alicheka tu, akasema kidole hakisahauliki nyumbani.

Bluu waliisaka kwa mikono, mawifi wawili, siku tisa, vitambaa vya majaribio vikianikwa kila mahali. Siku ya tisa ikafanana, na mteja akapata mapazia yake. Vipimo vimo kwenye simu mpya iliyosajiliwa kidole cha mjane na cha wifi yake. Maneno ya akiba yamo kwenye bahasha, mahali wanapopajua wote wawili.

Siku hizi mapazia yao hutoka bila alama pembeni.