Kwato ya Dubu

Kila asubuhi ya Septemba, kabla basi la shule halijapiga honi kwenye kona, Thora Veinot alisukuma toroli la mahindi mabichi kutoka shambani hadi kibandani, kando ya barabara ya kwenda mji wa Lunenburg. Kibanda hicho alikijenga marehemu babu yake. Hakikuwa na muuzaji. Kilikuwa na meza, paa la mbao, kopo la kahawa lisilo na kifuniko, na kibao alichokiandika babu kwa mkono wake: "Mahindi sita, dola nne. Weka koponi. Chenji jichukulie."

Thora alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna kitu alichojivunia kuliko kibanda hicho.

Jumamosi moja baba yake, Lorne, alirudi kutoka dukani uso umemwiva. Akaitupa sarafu ya dola mbili juu ya meza ya jikoni.

"Wameikataa! Mbele ya foleni nzima! Eti ni ya bandia. Na imetoka kwenye kopo letu."

Thora aliiokota. "Lakini inafanana kabisa, Baba."

"Hebu tazama mguu wa dubu."

Thora aliisogeza dirishani. Dubu wa barafu, yule anayechorwa kwenye kila sarafu ya dola mbili, alikuwa anatembea kama kawaida, ila wayo wa mbele ulikuwa umepasuka katikati.

"Heee! Ana kwato kama mbuzi!"

"Sasa shika hii nzuri. Iinamishe polepole."

Thora akaiinamisha. Juu ya dubu, pale palipokuwa na chuma kitupu, yakachomoza majani mawili ya mti wa mepo, nembo ya nchi yao, membamba, yenye mng'ao. Akaigeuza kidogo, yakazama. Akaigeuza tena, yakarudi. Sarafu hizi alikuwa amezishika tangu utotoni, na siku zote zilikuwa zimebeba ajabu hii kimya kimya. Aliinamisha ile ya bandia mara kumi. Hapakuota kitu.

"Sikiliza, Thora," baba alisema. "Ikija nyingine, nafunga kibanda. Sitaki kuonekana mwizi mjini."

Jumatatu jioni Thora alipokwenda kukusanya fedha, alikuta nyingine. Mguu umepasuka, majani hakuna. Akimwambia baba, kibanda kinafungwa. Akainyamazia. Akachukua fedha nyingine, ile akaiacha koponi pamoja na sarafu chache za chenji, tena akaiweka juu kabisa. Mtu ataichukua, alijiambia. Mtu yeyote.

Jumanne haikuwapo. Thora alishusha pumzi. Jumatano ilikuja nyingine, akafanya vilevile, nayo ikatoweka. Ijumaa jioni ikaja ya tatu, nayo akaiacha juu. Usiku alipopiga magoti kusali, maneno hayakumtoka. Alilala bila kusema "Amina".

Jumamosi asubuhi aliamua kumjua anayezileta. Alijificha kwenye mahindi, umande ukimlowesha magoti. Haukupita muda mrefu akaja Bibi Alma Zwicker, jirani wa ng'ambo ya barabara, mjane aliyefanya kazi posta miaka thelathini. Alichagua mahindi sita, akalipa. Kisha akaingiza mkono koponi, akatoa sarafu, akaipapasa kwa kidole gumba, akaiinamisha kwenye jua. Akaitia mfukoni. Halafu akatoa sarafu nyingine kwenye pochi yake, akaidondosha koponi. Ngwala!

Bibi Zwicker! Anayekaa mstari wa mbele kanisani! Kumbe ndiye anayetubadilishia!

Mama huyo alipovuka barabara, Thora alichomoka na kulimwaga kopo mezani. Akaziinamisha sarafu za dola mbili mojamoja. Majani. Majani. Majani. Zote zilikuwa nzuri. Na ile ya kwato, aliyoiacha mwenyewe jana jioni, haikuwapo.

Alizirudisha sarafu koponi. Kisha akavuka barabara.

"Karibu, binti," Bibi Zwicker alisema mlangoni. "Mbona umelowa hivyo? Ulilala shambani?"

Macho ya Thora yalikuwa kwenye dirisha la jikoni. Pale palikuwa na chupa ya jamu, na ndani yake sarafu tatu. Hata kwa mbali aliziona kwato.

"Unazichukua wewe," Thora alisema. "Na unaweka nzuri. Zako."

"Ala! Nimekamatwa." Bibi Zwicker alicheka kidogo. "Babu yako alikijenga kibanda kile mwaka niliofiwa. Majira yote ya joto yale aliniletea mahindi hapa mlangoni. Nilidhani hujazigundua hizi sarafu. Sikutaka uanze kumwogopa kila anayesimama pale."

"Lakini unapata hasara, Bibi!"

"Ndiyo. Lakini zikiingia humu ndani hazitoki tena. Zinafia hapa."

Thora aliitazama ile chupa ndogo, akaona aibu na mshangao vikimpanda pamoja. Mwanamke huyu aliyeshonea sweta yake viraka alikuwa ameongeza dola zake mbili koponi mara tatu, wala hakumwambia mtu.

"Nilizigundua," alisema. "Niliziacha juu makusudi. Nilitaka mtu azichukue."

"Mtu gani?"

"Yeyote."

Bibi Zwicker aliishusha chupa dirishani. "Basi, mwanangu," alisema taratibu, "huyo yeyote alikuwa mimi."

Thora alilia. Bibi Zwicker alimwacha alie, kisha akampa taulo na ile chupa. "Mpelekee baba yako. Mwambie yote. Nitakuja nawe."

Lorne alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Mchana huo wote watatu walikwenda kituo cha polisi. Ofisa aliyezipokea aliwaambia kwamba sarafu kama hizo zimezagaa mkoa mzima, zikipita mikononi mwa watu wema wasiojua.

"Kwa hiyo hakuna mwizi barabarani kwetu?" Thora aliuliza.

"Sidhani. Ila anayejua na bado anapitisha, huyo ameanza kuwa."

Waliporudi, Lorne alisimama mbele ya kibanda kwa muda. Thora alingoja asikie neno "funga".

"Lete kalamu," baba alisema. Chini ya maandishi ya babu akaongeza: "Mtazame dubu mguuni. Mwenye kwato tuachie sisi." Akamgeukia binti yake. "Nilitaka kufunga kwa sababu ya jina langu, na woga wangu ukakufundisha kuficha. Nisamehe. Lakini kumbuka hili: hasara ikikufikia, usimtafutie mtu mwingine wa kuibeba. Iishie kwako. Alma amefanya hivyo, na ona, bado amesimama."

"Mgongo tu unauma," Bibi Zwicker alisema.

Wiki mbili baadaye kwato nyingine iliingia koponi. Thora aliitoa, akaitia kwenye chupa ya jamu aliyoiweka dirishani kwake, na pale koponi akaweka nzuri kutoka akiba yake mwenyewe. Kabla ya kuiachia, aliiinamisha kwenye jua la asubuhi. Majani mawili yakachomoza.

Usiku huo alipopiga magoti, alifika hadi "Amina".