Soli na Sindano ya Saa Moja

"Hiki ni kitambaa cha bibi harusi, jirani. Si tambara la paka," alisema Bi Mkasi. "Na hii ni mara ya tatu wiki hii."

Mama hakuinua kichwa. Alikuwa anapiga pasi shuka la mteja. "Paka wangu ana adabu kuliko watu wengine wa ua huu."

"Adabu gani? Anakojolea hariri, halafu unaniambia adabu?"

"Labda ulimfungia mlango akakosa pa kutokea."

Mama alikuwa dobi wa mlango wa kwanza. Bi Mkasi alikuwa mshonaji wa mlango wa pili. Mkasi wake ulining'inia shingoni kwa utepe mchana kutwa, ndiyo maana tukamwita hivyo. Wenye maneno walisema jina lilitokana na ulimi wake. Yeye na Mama waligombana kama wanavyogombana watu ambao kesho wataazimana chumvi.

Siku zile ua wetu ulikuwa na milango mitano na bomba moja la maji. Ukipika, wote wanajua unapika nini. Ukikohoa, wa mlango wa tano anakuuliza kama umekunywa dawa. Nikiukumbuka ua ule, kwanza nasikia sauti zake: cherehani, ndoo, redio ya kinyozi, na nyundo ya Baba. Baba alikuwa fundi viatu. Wakati wa ugomvi huu alikuwa ametutoka mwaka mmoja. Nyundo yake ilikuwa imenyamaza, lakini paka wake alibaki.

Paka huyo aliitwa Soli. Baba alimwokota akiwa mdogo kama ngumi, rangi yake ya kahawia kama ngozi ya kiatu. Akakua, akanenepa, akazeeka kwenye sanduku la vipande vya ngozi. Mama alizoea kumlalamikia. Baada ya msiba hakumlalamikia tena. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, huyu akiondoka, hapo ndipo baba yako atakuwa ameondoka kweli."

Basi Mama na Bi Mkasi wakiwa katikati ya ugomvi, Soli mwenyewe akatokea. Hakuwatazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo ya Mama, akanywa maji. Akanywa, akanywa tena. Alipogeuka, alitembea kwa kukanyaga visigino vya miguu ya nyuma, kama mtu anayeburuta kandambili. Uti wa mgongo wake ulionekana.

Bi Mkasi alimtazama hadi akasahau hariri yake.

"Jirani," alisema kwa sauti ya chini, "huyu hakosi adabu. Huyu anaumwa."

Walimtia kwenye kapu la nguo, wakampeleka kwa daktari wa wanyama. Mimi nilibeba kapu. Wao walibeba maneno.

Daktari alikuwa mwanamke mtulivu mwenye miwani mikubwa. Aliuliza maswali mengi. Paka anakunywa maji kiasi gani? Anakojoa mara ngapi? Anakula? Mama alisema anakula kama mgeni wa harusi, na bado anakonda. Daktari alimtoboa kidogo ukingoni mwa sikio, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Akapima na mkojo. Kisha akasema Soli ana kisukari.

Bi Mkasi alicheka. Alidhani ugonjwa huo ni wa watu, tena wa watu wenye magari. Daktari alimwambia paka pia huupata, hasa paka dume aliyehasiwa, mzee na mnene.

"Chakula kikiliwa, sukari huingia kwenye damu," alieleza. "Insulini, ambayo mwili huitengeneza wenyewe, ndiyo inayoifungulia mlango iingie mwilini ifanye kazi. Soli insulini yake haitoshi. Sukari inabaki kwenye damu, mwili unashinda njaa. Sukari iliyozidi inatoka na mkojo, na inavuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana anakojoa sana. Ndiyo maana ana kiu."

Mama aliuliza swali moja tu. "Atakufa?"

"Asipotibiwa, atakufa. Akitibiwa vizuri, anaweza kuishi miaka. Paka wengine hufika mahali wakaacha sindano kabisa. Lakini hilo huamuliwa kwa vipimo. Usiliamue nyumbani."

Tulirudi na kichupa cha insulini, mabomba ya sindano na maagizo. Sindano mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa moja jioni. Kila mara yuniti mbili kwenye namba za bomba, si zaidi. Kwanza ale, ndipo achomwe. Akikataa chakula, asichomwe kwanza, daktari apigiwe simu. Kichupa kikae ndani ya friji, mbali na barafu. Dawa hiyo haitikiswi, inaviringishwa taratibu kati ya viganja. Mabomba yawe yale yale yaliyotoka na dawa, kwa sababu bomba la aina nyingine hupima tofauti. Sindano iliyotumika itiwe kwenye kopo gumu lenye mfuniko.

Kinyozi wa mlango wa tano alikuwa na kisukari yeye mwenyewe. Aliposikia habari, alileta dawa yake, akasema wagawane na Soli. Tulimshukuru, tukamrudishia. Daktari alikuwa ameonya kwamba dawa ya mtu haipewi paka bila yeye kusema.

Jioni ya kwanza Mama aliishika sindano, akairudisha mezani. Mkono uliokamua mashuka ya hoteli nzima ulishindwa na sindano ndogo kama unywele. Mimi nilijitolea. Nikazirai kabla paka hajaguswa, na ua mzima ukapata cha kucheka kwa wiki.

Bi Mkasi ndiye aliyetuokoa. "Inua ngozi hapa, katikati ya mabega," alimwambia Mama. "Iinue kama unavyoinua kitambaa kabla ya kupiga pini. Ingiza kwenye mkunjo. Sukuma. Basi."

Soli aliendelea kulamba sahani. Hakujua hata kama kuna jambo limefanyika. Mama alikaa chini akafuta jasho, kisha akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Lakini wiki tatu zikapita, na sukari ya Soli haikutulia. Kila tulipompeleka kupimwa tuliikuta tofauti: mara iko juu, mara iko chini, mara imepaa. Daktari alitazama maandishi yake, akamuuliza Mama anampa paka chakula gani. Mama akajibu kwamba anampa nyama na samaki wa kuchemsha, bila wali wala mkate, kama alivyoagizwa.

"Wewe unampa hivyo," alisema daktari. "Na wengine?"

Mama alikuwa hajafikiria wengine.

Tuliporudi alianza mlango hadi mlango. Hakuna aliyemficha. Mlango wa tatu walimpa Soli mkate uliolowekwa kwenye chai. Mlango wa nne, maziwa yenye sukari. Bi Mkasi alimpa makombo ya keki kutoka kwenye harusi za wateja wake. Kinyozi alimpa biskuti mbili kila asubuhi.

Mama alikuwa amefika kwa kinyozi akiwa amekunja mikono, tayari kwa vita. Kinyozi aliweka wembe chini.

"Mume wako alikuwa anakunywa chai kwenye kiti hiki kila asubuhi," alisema. "Sasa kiti kiko kitupu. Paka anakuja saa ile ile. Nikimpa biskuti, naona kama nimempa yeye."

Mama alikunjua mikono. Kumbe ua mzima ulikuwa unamlisha Baba. Ilibidi azungumze nao kwa upole. Aliwaeleza maneno ya daktari, kwamba mkate, maziwa ya sukari na keki hupandisha sukari ya damu, na kwamba daktari hawezi kupanga kipimo cha dawa kama chakula kinabadilika kila siku. Soli anahitaji chakula kile kile, kiasi kile kile, saa ile ile.

"Mkumbukeni kwa kumsalimia paka wake," aliwaambia. "Mkuneni shingo mpendavyo. Mdomoni msimtie kitu."

Walisikia. Sukari ilianza kushuka. Tukadhani tumevuka.

Jumamosi moja Mama alikuwa na nguo za kupeleka mapema. Alimlisha Soli, akamchoma saa moja kamili, akaondoka mbio na mzigo kichwani. Mimi nilikuwa nafua nyuma ya nyumba. Saa moja na nusu Bi Mkasi alichungulia ndani. Hakumwona Mama. Aliona sahani imelambwa na kichupa kiko mahali pake kwenye friji. Alijua jinsi Mama alivyotoka mbio. Akajiambia, masikini jirani yangu, kasahau. Akamchoma Soli yuniti mbili nyingine, kwa mkono wake mzuri usiotetemeka.

Kwenye saa nne nilimwona Soli akiyumba. Alitaka kuruka juu ya kiti, akaanguka. Macho yalikuwa wazi lakini hayakutazama popote. Masikio yalianza kutetemeka. Nilimwita Bi Mkasi. Alipotaja kwamba amemchoma, nami nikamwambia Mama alishamchoma, uso wake ulibadilika.

Daktari alikuwa ametufundisha jambo hili. Insulini ikizidi, sukari hushuka mno, na paka anaweza kufa kwa muda mfupi. Nilipiga simu. Daktari alisema tuchukue asali, tumpake kidogo kidogo kwenye ufizi, upande wa ndani ya mdomo. Tusimmiminie kooni, atapaliwa. Tusitie kidole kati ya meno. Kisha tumpeleke haraka, hata akionekana amepata nafuu, kwa sababu asali huisha nguvu na dawa bado imo mwilini.

Hatukuwa na asali. Bi Mkasi alikoroga sukari kwenye maji hadi ikawa nzito. Alimpaka huku akimwomba msamaha, paka yule aliyemharibia hariri. Tulimkimbiza kwa daktari, na Mama akatukuta huko. Soli alikuwa amelala, mguu umefungwa mrija. Alitibiwa hapo mchana kutwa, akapona.

Mama hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alisema tu, "Kuanzia leo, asiingie mtu jikoni kwangu." Bi Mkasi aliinama akatoka.

Wiki mbili cherehani ililia upande wa pili wa ukuta, lakini mwenyewe hakuvuka kizingiti chetu. Hakuja kuazima chumvi. Hakuleta umbea. Ua ulipooza kama nyumba yenye mgonjwa. Mama alikuwa anaahirisha kupeleka nguo za wateja ili awahi sindano ya jioni. Alianza kupoteza kazi.

Daktari ndiye aliyemzindua. Alimwambia hivi:

"Jirani yako alikosea, ndiyo. Usipojua kama paka amechomwa, usichome. Kukosa sindano moja kuna nafuu kuliko kupigwa mbili. Lakini na wewe ulitoka bila kuacha alama. Nyumba yenye mikono ya watu wawili inahitaji alama moja ambayo kila mtu anaiona."

Alama ya dobi itakuwa nini kama si kibanio cha nguo? Mama alifunga nyuzi mbili kwenye mlango wa friji, wa juu na wa chini. Kibanio cheupe cha asubuhi, cha bluu cha jioni. Kibanio kikiwa juu, Soli hajachomwa. Kikiwa chini, ameshachomwa, usiguse kichupa. Anayechoma ndiye anayekishusha, pale pale, kabla hajafanya jambo jingine. Kuvirudisha juu ni kazi ya Mama peke yake, akiamka. Pembeni alining'iniza daftari la kuandika saa, yuniti, na kama paka amekula chote.

Kisha akaenda mlango wa pili.

"Jioni nachelewa," alisema. "Nataka unisaidie ya saa moja."

Bi Mkasi hakuacha kushona. "Nilikaribia kumuua. Mkono wangu siuamini tena."

"Mimi nauamini," alisema Mama. "Ulitaka kunisaidia, na mimi sikukuachia alama. Njoo nikuonyeshe."

Alikuja. Kila jioni alisimama mbele ya friji, akatazama kibanio cha bluu, akasoma daftari, akaniuliza hata mimi. Alimweka Soli mbele ya sahani akasubiri amalize. Alichoma, akashusha kibanio, akaandika. Halafu akaenda zake. Zamani angekaa hadi chai ya tatu. Sasa alifanya kazi yake na kuondoka, kama mtu aliyeajiriwa.

Miezi miwili baadaye daktari alimpima tena Soli. Sukari yake ilikuwa imetulia. Uzito umeongezeka. Alitembea kwa vidole, kama paka, na ndoo za Mama alizipita bila kuzitazama. Daktari alipunguza dawa ikawa yuniti moja. Soli aliishi miaka minne baada ya siku ile, na kinyozi alimkuna shingo kila asubuhi bila kumpa hata kombo.

Jioni ya siku ile ya kipimo Mama aliwahi kurudi. Alipika, akapanga sahani. Saa moja Bi Mkasi aliingia, akatazama kibanio, akafanya kazi yake. Mama alimwambia habari za daktari, neno kwa neno. Bi Mkasi alisikiliza akiwa amesimama, akaitikia, akageuka kwenda zake.

"Unakwenda wapi?" Mama aliuliza.

"Nyumbani. Naona mnataka kula."

"Sisi tunakusubiri wewe. Hiyo sahani ya tatu ulidhani ya nani?" Mama alisogeza kiti. "Nawa mikono, jirani. Halafu kaa unieleze yule bibi harusi wa hariri alisemaje alipoona doa la paka wangu, maana umbea umenifikia nusu tu. Karibu ule."