Nilimfungia Zuhura Mtandao, Kisha Nikamshitaki kwa Somo Yake

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tatu, mkazi wa Kibaha, mgane mwenye binti mmoja wa miaka tisa. Kazi yangu ni kuangalia kompyuta na mtandao katika ofisi moja hapa mjini. Mke wangu Zuhura amefariki, nami nina mkono katika kifo chake. Hakuna polisi aliyenifuata wala hakimu aliyeniita. Ndiyo maana naandika.

Silii tena. Watu wanadhani nimejikaza, kumbe sihisi chochote… Nakula kwa sababu chakula kimewekwa mezani, naenda kazini kwa sababu kumekucha.

Yote yalianzia ofisini. Wafanyakazi walikuwa wanashinda kwenye kubeti na video, mtandao unakuwa mzito mpaka barua pepe haziendi. Mkuu wangu akaniagiza nitafute dawa. Nikaweka proksi, yaani kompyuta moja inayokaa katikati: kila ukurasa mtu anaoufungua unapita kwake kwanza, nayo inaamua kama uendelee au uishie hapo. Nikazuia kubeti, nikazuia video, nikaondoa na matangazo. Mtandao ukawa mwepesi. Nikasifiwa kikaoni, na zile sifa zilinilevya, nakiri.

Siku moja binti yetu, Nasra, alikuwa anaangalia katuni kwenye simu ya mama yake. Likachomoza tangazo la wanawake nusu uchi. Akamwonyesha mama yake na kuuliza kama hao wanasikia joto. Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nikachukua kompyuta kuukuu, nikaiweka juu ya kabati la vyombo, nikaifanya proksi ya nyumbani, simu zetu zote zikawa zinapitia humo.

Ili iweze kusoma maneno yaliyomo ndani ya kurasa, ilibidi niweke cheti changu kwenye kila simu, yaani faili dogo linaloifanya simu iiamini proksi. Bila cheti hicho ingeona jina la tovuti tu. Zuhura alinipa simu yake huku anakuna nazi, hakuuliza naifanya nini. Nami sikumwambia.

Kisha nikaandika maneno ya kukatazwa. Niliyaandika harakaharaka, viungo vya mwili wa mwanamke, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayeandika vitu vya kununua sokoni. Mtu akitafuta jambo lenye neno mojawapo, ukurasa unakataa kufunguka, na tukio linabaki kwenye kumbukumbu: saa, simu iliyotumika, na neno lililosababisha. Sentensi nzima aliyoandika mtu ilikuwamo pia, ila lazima uubofye mstari ndipo uione.

Jumamosi moja asubuhi nikafungua kumbukumbu hizo. Simu ya Zuhura, neno "titi", imezuiwa. Chini yake tena. Na tena… Mara kumi na moja ndani ya siku tatu, saa ambazo mimi nipo kazini na mtoto yupo shule.

Sikubofya. Nibofye ili iweje? Nilishajua! Mke wangu, mama wa mtoto wangu, anasubiri nitoke ndipo aangalie uchafu!

Kwetu huku, mambo ya chumbani mume hamkabili nayo mke usoni. Nilifundishwa hivyo siku ya ndoa yangu. Ukiwa na shitaka unalipeleka kwa somo yake, yule mama aliyemfunda alipokuwa mwali. Somo anamwita mwanawe, anayanyoosha, nanyi mnaendelea kula sahani moja bila aibu. Ni utaratibu mzuri, sina ugomvi nao. Somo yake Zuhura ni Bi Mwajuma, anaishi Mzenga, upande wa Kisarawe, jirani na wakwe zangu.

Kesho yake nikamuaga Zuhura kwamba naenda Mlandizi kumwona rafiki. Nilipofika Mlandizi nikachukua bodaboda mpaka Mzenga. Nilimkuta Bi Mwajuma anamenya mihogo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba baba, akanisogezea kigoda. Nikamweleza kwamba mwanawe anashinda kwenye picha chafu, na ushahidi ninao, kompyuta inaandika kila anachofungua. Aliacha kumenya. Aliniuliza jambo moja tu, kama nina hakika. Nikajibu kwamba ninayo.

Wiki iliyofuata akamwita Zuhura. Aliporudi hakunigombeza. Alipika, akaniandalia, akaniuliza habari za kazi. Lakini tangu siku hiyo simu yake ikawa inashinda juu ya friji, anaigusa akipigiwa tu. Bafuni akawa anafunga komeo. Kuvaa na kuvua, mpaka azime taa.

Nami nikafurahi! Niliona ni haya, amejirudi. Kila Jumamosi nafungua kumbukumbu zangu, nazikuta safi, natembea kifua mbele ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Ilipita miezi saba. Zuhura akakonda, akawa analalamika kwapa linamuuma, anameza dawa za maumivu na kuendelea na kazi. Siku moja alikuwa anaanua nguo, mkono ukagoma kuinuka. Nasra ndiye aliyekuja kuniita.

Hospitalini daktari alimwomba afungue blauzi, nami nikaona nilichokuwa sijaonyeshwa miezi yote ile. Sitakieleza. Daktari akauliza uvimbe ulianza lini, Zuhura akasema unakaribia mwaka. Akaulizwa mbona alikaa kimya. Aliniangalia mimi, kisha akaangalia sakafu.

Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshasambaa. Daktari alisema wapo wengi wanaowahi wakatibiwa wakapona, na pengine Zuhura angekuwa mmoja wao. Pengine… Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo.

Tulikuwa kwenye benchi tunasubiri dawa alipozungumza, kwa sauti ya chini, bila hasira.

"Nilitaka kujua tu kama uvimbe usiouma ni wa kwenda nao hospitali. Simu ikawa inanikatalia. Halafu somo akaniambia unaona kila ninachofungua."

Nilimjibu kwamba tukishachukua dawa tutapitia machungwa. Machungwa! Ndilo jibu nililokuwa nalo kwa mke wangu.

Tuliporudi nyumbani nikafungua kumbukumbu za zamani, nikabofya. Mstari wa kwanza: "uvimbe kwenye titi hauumi ni nini." Wa pili: "uvimbe kwenye titi unaisha wenyewe." Nikaendelea mpaka wa kumi na moja, ambao ulisema: "nimwambieje mume wangu nina uvimbe kwenye titi."

Na huo nao proksi yangu iliuzuia.

Alidumu miezi minne. Aliomba arudishwe kwao Mzenga, akafia huko, tukamzika huko.

Msibani Bi Mwajuma alinishika mkono mbele ya akina mama, akaniomba nimsamehe mwanawe kwa yale ya simu. Nimsamehe! Nami nikaitikia kwamba nimeshamsamehe. Nilisema hivyo, wasomaji wenzangu. Zuhura ana siku mbili kaburini, na mimi natoa msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya.

Kabla ya arobaini nilirudi kwa Bi Mwajuma peke yangu. Nikamweleza yote, nikamsomea ile mistari kumi na moja. Akawa anakunja na kukunjua ncha ya khanga yake.

"Siku ile aliingia hapa akasema, mama nina jambo la mwili wangu nataka kukwambia," alisema. "Nikamwambia anyamaze, jambo lake nimeshaletewa. Nikaanza kumsema. Hakulitaja tena."

Zuhura alikuwa na pa kuulizia pawili tu, mtandao na somo yake, nami nilishapafunga pote kabla hajauliza.

Nilimwomba Bi Mwajuma awaambie akina mama ukweli. Alikataa, akasema mdomo uliochafua jina ndio ulisafishe. Basi siku ya arobaini, baada ya dua, nilisimama mbele ya watu nikasema. Mama mkwe wangu aliinuka akaingia ndani, na mpaka leo hapokei salamu yangu. Sidai aipokee.

Sisemi msiweke vichujio. Watoto walindwe, na ofisini kwangu proksi bado inafanya kazi. Ila dada zangu, ukigusa uvimbe, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje mtandao ukwambie wala mume akuruhusu. Nanyi wanaume wenzangu, ukiona kwenye simu ya mkeo jambo usilolielewa, usilipeleke kwa somo, wala kwa shehe, wala kwa mama yake. Mkalishe mbele yako, muulize yeye, na umwache amalize kujibu.

Mimi nilikaa na Zuhura miaka kumi na miwili ndani ya nyumba moja. Kulikuwa na swali moja tu la kumuuliza, na sikumuuliza.