Waya Wenye Uzi Mwekundu

Kila Jumamosi Chiriku na mdogo wake walishinda kwenye kibanda cha mjomba wao, fundi wa simu na vifaa vya umeme. Chiriku, mwenye miaka kumi na mitatu, alifagia, akapanga bisibisi na kupokea wateja kwa maneno mengi. Mdogo wake alikaa kwenye kompyuta. Wateja walimwita Fundi Mdogo, na kila walipomwita hivyo wivu ulimchoma Chiriku rohoni. Yeye ndiye mkubwa! Kwa nini yeye apewe ufagio na mtoto apewe kiti?

Siku hiyo kinyozi wa jirani alileta sigara yake ya umeme. Alitaka kuacha kuvuta kidogo kidogo, lakini programu iliyokuja nayo haikumruhusu kupunguza nguvu yake zaidi. Mjomba alikuwa amepata programu nyingine ya kuiwekea.

"Nyinyi mnashika waya tu," aliwaonya. "Kitu hiki mdomoni mwa mtoto, marufuku. Haya, Fundi Mdogo, iflashi, yaani iwekee programu mpya. Ukiweza, kompyuta hii ni yako kuanzia leo."

Hapo Chiriku alishindwa kuvumilia. Nyaya zote za USB kibandani zilifanana. Nyingi zilichaji tu, na ule mmoja uliopitisha programu ulifungwa uzi mwekundu. Mdogo wake alipokwenda kunawa mikono, Chiriku aliufungua uzi haraka na kuufunga kwenye waya wa kuchaji.

Fundi Mdogo alichomeka. Taa ya sigara iliwaka, lakini kompyuta haikuona kitu. Akachomoa, akachomeka tena. Wapi!

"Umeharibu tundu la waya!" mjomba alifoka. "Mara ngapi nimekwambia usilazimishe? Inuka!"

"Haki ya Mungu, mjomba, sijalazimisha!" Mtoto alitoka nje akilia.

"Chiriku, njoo ujaribu wewe."

Alikalia kiti alichokitamani, na furaha yake haikudumu. Waya wenye uzi haungefanya kazi. Akichukua mwingine, ataulizwa amejuaje. Kwikwi za mdogo wake zilisikika mlangoni.

"Leo Chiriku amemeza ulimi?" kinyozi alitania.

Chiriku alichomeka ule waya alioufungua uzi. Kompyuta ikaitambua sigara papo hapo.

"Umejuaje?" mjomba aliuliza.

Angeweza kusema amebahatisha. "Nimehamisha uzi, mjomba," alisema. "Namwonea wivu. Yeye anaitwa fundi, mimi nafagia."

Mjomba alitoka nje, akamwomba radhi mtoto na kurudi naye.

"Dada, ulitaka nifukuzwe?" Fundi Mdogo aliuliza.

"Nilitaka kiti. Nisamehe."

Mjomba alimwinua Chiriku kitini. "Ungeniambia unataka kujifunza, ningekufundisha," alisema. "Wivu si kosa kubwa, humpata kila mtu. Kosa ni kuugusa uzi ambao sote tunauamini. Mimi mwenyewe nimeuamini uzi kuliko mpwa wangu. Fundi asiyeaminika, hata awe na mikono ya dhahabu, hakuna atakayemwachia kifaa chake. Sasa simama hapo nyuma ya mdogo wako, akufundishe tangu mwanzo."