Si Mbaya Sana

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya ghala la nafaka, Signe Haugen na baba yake walikuwa tayari wamo zizini. Signe alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kazi yake ilikuwa kuwaosha ng'ombe viwele kwa maji ya uvuguvugu, kisha baba yake anapita nyuma akifunga mashine ya kukamulia.

Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti, ng'ombe mkorofi alirusha teke likampata Bwana Dale Haugen kwenye ugoko. Mtu mwingine angerukaruka na kulilaani zizi zima. Bwana Dale alifumba macho kidogo, akavuta pumzi, akaendelea na kazi.

"Umeumia, Baba?" Signe aliuliza.

"Si mbaya sana."

Hilo ndilo jibu la ukoo wa Haugen, na kusema kweli ndilo jibu la watu wengi wa huku kwetu Minnesota magharibi. Mtu akibanwa kidole na mlango wa trekta, si mbaya sana. Mvua ya mawe ikilaza mahindi yote chini, si mbaya sana. Bibi yake Signe, siku aliyovunjika nyonga, alihakikisha kwanza kwamba mgeni wake amemiminiwa kahawa, ndipo akakubali kupelekwa hospitali. Watu husimulia kisa hicho kwa fahari mpaka leo. Mimi sijawahi kuiona fahari yake iko wapi.

Siku hiyo baba na binti walikuwa na safari. Kila mwaka Bwana Dale huwaachia wengine shamba kwa wiki moja, akapanda pikipiki yake kubwa na kwenda Montana kumtembelea dada yake. Ni safari ya siku mbili. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, Signe angekaa kiti cha nyuma. Kaka yake, Leif, alikuwa anafunga mizigo huku ulimi wake haupumziki.

"Utalia kabla hamjavuka mto," alisema. "Namjua huyu. Akichomwa na mwiba anataka ambulensi."

"Nyamaza wewe! Nani alizimia kwa sindano ya pepopunda?"

"Ile ilikuwa sindano ya ng'ombe!"

"Wote wawili fungeni midomo," alisema mama yao, akimkaza Signe mkanda wa helmeti chini ya kidevu. "Signe, ukichoka mpige baba yako begani, atasimama. Hakuna anayewafukuza."

"Sawa, Mama," alijibu Signe. Lakini moyoni alikwisha apa kwamba hatampiga mtu begani, hata iweje. Leif hangepata la kusema.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili walipovuka mpaka wa Montana, upepo ulianza. Ulivuma kutoka ubavuni, ukiisukuma pikipiki kama mtu anayetaka kupita kwa nguvu mlangoni. Pande zote ilikuwa nyasi kavu na nguzo za seng'enge, na barabara iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Mapaja ya Signe yaliwaka moto. Shingo ilikakamaa. Alikaza mikono kiunoni mwa baba yake, wala hakumpiga begani.

Kwenye kituo cha mafuta walikula lefse, chapati laini za viazi alizowafungia Mama, zimepakwa siagi na sukari. Signe aliona baba yake anafumba na kufumbua mkono wa kulia, halafu anaukung'uta kama anayekung'uta maji.

"Mkono una nini, Baba?"

"Umekufa ganzi kidogo. Pikipiki inatetemeka sana. Si mbaya sana. Wewe je, tulale hapa leo?"

Signe alitamani kusema ndiyo. Alitamani kujinyoosha chini, hata kwenye sakafu ya kituo cha mafuta.

"Mimi? Si mbaya sana."

"Huyo ndiye binti yangu!" Baba alicheka, akaigonga helmeti yake. "Basi twende. Shangazi yako ameoka pai."

Wote wawili walidanganya, wote wawili wakacheka, wakapanda pikipiki.

Kabla ya kona moja, kibao cha onyo cha rangi ya machungwa kilisimama kando ya barabara. Mafundi walikuwa wametia lami mpya na kumwaga kokoto juu yake. Signe alikiona kibao. Aliona baba yake amekiona pia, maana mabega yake yalijikaza. Lakini ule mkono wa kulia, ambao ndio wa breki ya mbele, ulikuwa haujui tena umeshika nini. Ulichelewa, halafu ukaminya kwa nguvu kupita kiasi. Gurudumu likateleza juu ya kokoto, pikipiki ikalala ubavu, na Signe akarushwa.

Hakupata nafasi hata ya kupiga kelele. Aliona mbingu, akaona nyasi, kisha nguzo ya seng'enge ikampiga kwenye mbavu za kushoto. Akabaki amelala, mdomo wazi, na pumzi haiji. Alidhani anakufa. Pumzi ilipoingia hatimaye, ilikuja na maumivu makali mpaka akaona nyota.

"Signe!" Sauti ya baba ilitoka barabarani. "Signe! Nijibu!"

Alitambaa kumfuata. Pikipiki ilikuwa imelala juu ya mguu wa baba yake, injini bado inanguruma, na harufu ya petroli ilikuwa imetapakaa. Mguu chini ya goti ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Signe aliuangalia mara moja tu.

"Zima," baba alisema kwa meno yaliyoumana. "Kitufe chekundu."

Mara ya kwanza alikikosa kitufe. Alikipata, na injini ikazimika. Kimya kilichofuata kilimtisha kuliko kelele. Alijaribu kuinua pikipiki, haikusogea hata kidogo. Alitoa simu mfukoni mwa baba yake, ikawa haina mtandao. Akasimama katikati ya barabara, akatazama huku, akatazama kule. Hakukuwa na nyumba wala gari.

"Baba, usilale."

"Silali."

"Sema kitu basi!"

Uso wa Baba ulikuwa wa rangi ya majivu. Signe alimwita, akamwita tena, na kila alipochelewa kuitika, alimtikisa bega. Je, akifa hapa? Nitamwambia nini Mama? Alikuwa amekwisha anza kulia bila sauti alipoona vumbi kwa mbali.

Ilikuwa pikapu ya mama mmoja mfugaji, jina lake Marva Teske, mwanamke mrefu mwenye kofia pana na mbwa wawili nyuma. Aliruka chini kabla gari halijasimama sawasawa. Hakuuliza maswali mengi. Alimwita mumewe kwa redio ya gari apige simu ya ambulensi, akaifunga pikipiki kamba kwenye gari na kukiinua chuma kile taratibu kutoka mguuni.

"Na wewe, binti? Umeumia wapi?"

Ubavu ulikuwa unachoma. Lakini baba yake alikuwa amelala pale na mguu uliovunjika, na hata kuguna haguni. Signe angelalamikaje?

"Si mbaya sana, mama."

Watu wa ambulensi walipofika walimuuliza swali lilelile. Alijibu jibu lilelile, tena akasimama wima ili wamwone. Wakaamini. Wakamweka kiti cha mbele, wakashughulika na baba yake.

Hospitali ilikuwa ndogo, ya mji mdogo. Baba akaingizwa chumbani, na Signe akabaki kwenye benchi pamoja na Mama Marva, ambaye alikataa katakata kuondoka. Kupitia mlango ulioachwa wazi, walimsikia muuguzi.

"Bwana Haugen, kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi?"

"Mbili," ilisema sauti ya baba.

"Mbili! Na mfupa nauona kwa macho yangu? Basi wewe huna mishipa, una nyaya."

Mama Marva alicheka. Signe hakucheka. Alikuwa amefungua mdomo kumwambia Mama Marva kwamba sasa tumbo nalo linamuuma, akaufunga. Kama mguu ule ni mbili, tumbo lake lingekuwa nini?

Akakaa. Tumbo likazidi kukaza. Bega la kushoto nalo likaanza kuuma, na hilo lilimshangaza, maana hakuangukia bega. Akasikia kiu kali, na baridi ikampanda miguuni wakati watu wengine walikuwa wanajipepea. Aliomba kwenda msalani. Huko alijiona kwenye kioo: midomo myeupe kama chokaa, jasho juu ya paji la uso. Hakujitambua vizuri. Sakafu ikaanza kuzunguka polepole, akashika sinki kwa mikono yote miwili.

Alikuwa peke yake, na aliogopa kuliko alivyoogopa barabarani. Barabarani alimwogopea baba yake. Sasa alijiogopea mwenyewe. Akafikiri: nikikaa kimya, watanikuta hapa chini. Watasema, kumbe alikuwa hodari. Na mimi sitakuwepo kusikia.

Akatoka akishika ukuta, hatua baada ya hatua, mpaka kwa muuguzi.

"Dada," alisema, na machozi yakamtoka waziwazi mbele ya watu. "Nimedanganya. Ninaumwa. Ninaumwa sana tumboni, na bega hili, na ninasikia baridi. Naogopa nitakufa."

Muuguzi hakumcheka wala hakumwambia ajikaze. Alimdaka kabla hajaanguka, akaita kwa sauti kubwa, na mara watu wakajaa. Wakamlaza, wakamchoma sindano ya maji, wakapitisha mashine ya picha juu ya tumbo. Signe alisikia neno "damu" na neno "haraka". Akasikia baba yake akipiga kelele chumba cha pili, "Kuna nini kwa mwanangu? Nani anaumwa? Nipelekeni!" Hakuwahi kuisikia sauti ile kwa baba yake. Kisha helikopta ikaja, na Mama Marva akamshika mkono mpaka mlangoni pake, akimwambia, "Upo, binti. Bado upo."

Alipozinduka alikuwa katika hospitali kubwa ya mjini, ana mshono tumboni. Baba alihamishiwa huko kesho yake, na jioni wakamsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka kando ya kitanda chake, mguu umenyooshwa mbele. Mama naye alikuwa njiani anakuja. Daktari aliyempasua Signe, Daktari Ruth Amsler, alikuwa anapima mapigo yake.

"Bandama yake ilipasuka," daktari alimwambia baba. "Ni kiungo kilichojificha chini ya mbavu za kushoto. Kikipasuka, mtu anavuja damu ndani kwa ndani, na kwa nje anaonekana mzima. Hata bega linaweza kuuma. Angekaa kwenye lile benchi muda kidogo zaidi, leo mimi na wewe tungekuwa na mazungumzo mengine."

Bwana Dale aliinamisha kichwa. Mabega yake yakaanza kutetemeka. Signe hakuwahi kumwona baba yake akilia.

"Ni mimi," alisema. "Nilimfundisha kukamua, nikamfundisha kuendesha trekta, na bila kujua nikamfundisha na uongo. Daktari, mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi tangu asubuhi. Sikuihisi breki. Ningesema pale kituo cha mafuta, tungelala, na mtoto asingekuwa hapa. Na mpaka sasa vidole hivi viwili sivihisi. Nimewaficha na ninyi."

Daktari aliushika mkono ule, akaubonyeza hapa na pale kwa ncha ya kalamu. Bwana Dale alitikisa kichwa: hapo hapana, hapo pia hapana.

"Mshipa wa fahamu umebanwa," alisema daktari. "Unatibika, kwa sababu umesema. Bwana Haugen, nawaheshimu watu wavumilivu. Kuvumilia ni pale unapotibiwa na bado panauma. Lakini kuficha si kuvumilia. Wahenga wana msemo, mficha maradhi kifo humuumbua, nao walisema kweli. Maumivu ni mjumbe. Ukimfungia mlango, habari aliyokuletea haiondoki, inabaki palepale na kukua. Na wewe Signe, wengi watakuambia ushujaa wako ulikuwa barabarani, ulipozima injini na kusimama kutafuta msaada. Mimi nasema ulikuwa kwenye ule ukumbi, ulipolia mbele ya watu na kusema kweli."

Akatoka, akawaacha peke yao. Baba akasogeza kiti chake mpaka magoti yakagusa kitanda.

"Mwanangu," alisema, "unaumwa wapi?"

Signe akamwambia. Alianza na mshono, akaja kwenye mbavu, akaja kwenye shingo na mapaja, akamalizia na ile hofu inayomrudia kila anapofumba macho na kuona kokoto. Ilichukua muda. Baba yake hakumkatiza hata mara moja, na alipofika mwisho, akamuuliza kama kuna pengine.