Kamera ya Mzee Orito

Haya yalimpata kaka yangu Yekoniya, na mwisho wake niliuona mwenyewe, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nimezua.

Kaka alilinda ghala Dubai Investments Park. Mwezi huo lilihifadhi vitu vya maonyesho ya marehemu Orito, mwongozaji filamu wa Kijapani ambaye wengi walimwiga kupiga picha kamera ikiwa chini, usawa wa mtu aliyeketi mkekani. Visa vyake vilikuwa vya nyumbani tu: baba anarudi, mtoto anamkimbilia. Lakini alikuwa mgumu. Tukio moja lilirudiwa hata mara sitini, na hakuna aliyeondoka mpaka yeye aseme imetosha. Alifia kazini, tukio likirudiwa, kabla hajatamka neno hilo.

Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho ya kaka. Jioni apande ndege, aanze safari ya kuja kwetu Kasulu, amkumbatie bintiye Daphine, aliyemwacha tumboni miaka minne iliyopita. Mwenzake wa kumpokea zamu akachelewa, na mlinzi haachi lindo bila kupokewa. Saa saba mchana miguu ikamuuma. Akavua viatu, akaketi kwenye mkeka wa marehemu, akachungulia kamera yake iliyokuwa mbele.

Kamera haikuwa na filamu wala umeme. Ndani yake akamwona Daphine, kama alivyomjua kwenye simu. Anatoka mlangoni mbio. Mikono mbele.

Sauti ya mzee ikamnong'oneza sikioni, "Bado. Tena."

Kaka hakugeuka. Miaka minne ya kuamriwa ilimjibia.

"Sawa, sir."

Lenny, Mkenya wa zamu ya pili, alimkuta analia.

"Buda, nimechelewa tu dakika kumi," alisema taratibu. "Yalla, enda. Ndege itakuacha."

Jumatatu kaka alifika nyumbani. Daphine akatoka mlangoni mbio, mikono mbele. Kaka akachutama kumpokea. Nililia, sioni haya kusema.

Hatua moja kabla hajamfikia, mtoto akasimama. Akageuka. Akarudi ndani. Akatoka tena mbio, kwa kicheko kilekile.

Mara ya tatu. Mara ya tisa. Mama yake akamdaka.

"Niache, mama," akanong'ona. "Babu amesema bado."

Usiku huo alilala katikati ya wazazi wake, mlango umefungwa kwa komeo. Alfajiri nilikuta uani njia imechimbika kwa nyayo za mtoto, kina cha kiganja. Inaanzia mlangoni, inaishia hatua moja kabla ya pale alipochutama kaka.